Kibwengezo

"Kamba ya tiara ikivutwa na upepo," alisema Theofrida Ntandu, kidole kimoja hewani, "winchi inazunguka. Na winchi ikizunguka inazalisha um...?"

"Umemeee!"

Ungedhani ni mtu mmoja mwenye koo kubwa. Sauti za darasa zima ziliingia pamoja, zikatoka pamoja, hakuna iliyochelewa wala iliyomkanyaga mwenzake. Ukutani, ubao-uelewa ukawaka kijani: tisini na nane kwa mia.

Mtindo huu wa kumwachia mwanafunzi mkia wa neno aumalizie si kitu kipya. Theofrida aliukuta kwa walimu wake, na walimu wake waliukuta kwa wao. Kipya kilikuwa masikioni. Kila mwanafunzi wa Chuo cha Upepo, Singida, alivaa kinong'onezi, kijidude laini kisichozidi punje ya mtama, na ndiyo maana wenyewe walikiita punje. Punje inamsikiliza mwalimu, inapiga hesabu anakoelekea, na kabla hajafika inamnong'oneza mwanafunzi neno linalokuja. Punje zote zilikuwa matawi ya mtambo mmoja uliokaa chini ya jengo la utawala. Jina lake rasmi lilikuwa refu kama treni ya mizigo, kwa hiyo watu waliuita Bongo Kuu, yakaisha.

Hakuna aliyekariri tena. Hakuna aliyefeli. Wazazi walichinja kuku, na kuku wa Singida hachinjwi kwa jambo dogo.

Mwanzoni Theofrida naye alifurahi. Muhula ule hakuna kitu kilichokuwa kimetulia. Chuo kilibadilishwa jina, kikarudishiwa la zamani, kikaunganishwa na chuo kingine cha Dodoma, kikatenganishwa kabla rangi ya bango la getini haijakauka. Ukiingia ofisi ya walimu, chai inanyweka huku watu wanahesabiana: nani anabaki, nani anaondoka, nani amesikia nini kwa nani. Katikati ya vurugu hiyo, kuingia darasani ukaitikiwa vile kulikuwa kama kuoga maji ya moto.

Kilichomsumbua kilianza kidogo kidogo, kama kuwashwa sikio. Siku zote Theofrida alilijua darasa lake kwa takataka za kiitikio. Kuna anayechelewa. Kuna anayechezesha midomo tu. Na kila mwaka, hakosekani, kuna anayesubiriwa kwenye "umeme" yeye akapaza "umaskini!", watu wakaangua kicheko, na hapo hapo mwalimu akajua nani kaachwa njiani na wapi pa kurudi kumchukua. Sasa kiitikio kilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Safi mno. Hakujua tena ni nani wamekaa mbele yake.

Na alitakiwa ajue. Juu ya majabali ya Singida na mashamba ya alizeti huelea tiara za umeme, kila moja pana kama paa la bweni, zimefungwa kwa kamba zinazopotea mawinguni. Zikichakaa lazima zishushwe, na kuzishusha ni kazi ya mikono ya watu, maana karibu na winchi umeme ni mwingi kiasi kwamba mtambo wowote wenye akili hupata kizunguzungu. Punje ikifika pale inazima ti. Kabla ya kuvuta kamba, unaigeuza tiara pua yake itoke kwenye upepo. Ukiivuta ikiwa imeukabili upepo, kamba inakaza ghafla, na chochote kilicho karibu na winchi, kiwe glavu, kiwe mkono, kinaondoka nayo.

Mwisho wa muhula darasa hili lingepanda mlimani na kuanza kazi hiyo. Kabla hawajakabidhiwa kazi rasmi, Theofrida alitakiwa aweke dole gumba kwenye kishikwambi cha idara kuthibitisha kwamba wameiva.

"Si uweke tu, Mwalimu," aliambiwa na Profesa Lubango, mkuu wa idara, mtu mpole aliyezoea kusimama mlangoni kama anayeomba njia. "Bodi inakuja. Wakikuta kijani, idara inabaki. Wakikuta rangi nyingine, mimi na wewe tukakamue alizeti."

"Profesa, sijui kama wameelewa."

"Ubao unasema tisini na nane."

"Ubao unasema wameitika."

"Theofrida." Profesa alishusha pumzi. "Toka lini wanafunzi wa chuo hiki wakaelewa tisini na nane? Si ushukuru tu, mama?"

Hakushukuru. Alirudi darasani na wazo la kitoto kabisa.

"Leo tuna kifaa kipya," alisema, uso mkavu. "Kinakaa kati ya winchi na kamba, kinazuia kamba isijisokote. Kifaa hiki kinaitwa kibwen...?"

Hata yeye mwenyewe hakujua neno hilo linaishaje. Nusu yake aliitunga akipanda ngazi. Ile nusu nyingine haikuwepo popote duniani.

"Kibwengezooo!"

Koo moja. Pumzi moja. Kijani ukutani, tisini na tisa.

Bongo Kuu halikupenda kukaa kimya, hivyo ndivyo lilivyoundwa. Lilipotafuta neno likakuta kibwengo, likaona kibwengo ni pepo, na pepo hafungwi kwenye winchi. Likachukua mkia wa maneno kama kikwazo na kiegemezo, likaubandika, likanong'oneza kila sikio kwa wakati mmoja. Na masikio yakaamini.

Theofrida alishika meza asicheke. "Na kibwengezo kikilegea tunakikaza kwa msun...?"

"Msunguleee!"

"Kuna mwenye swali?"

Hakuna. Ila Nyange, kijana wa mstari wa mbele anayependa kuonekana, aliinua mkono kuongezea. "Madam, vile vya zamani vilikuwa vya chuma. Siku hizi wanatumia plastiki ngumu."

"Wewe Nyange umekiona wapi kibwengezo?"

"Aah, Madam. Nakijua tu."

Theofrida alitoka akicheka peke yake kwenye korido, mkono mdomoni, mpaka Mwajabu alipomkimbilia. Mwajabu alikuwa kiongozi wa darasa, binti mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuja kuuliza kama kibwengezo kitatoka kwenye mtihani, na kishikwambini alikuwa na muhtasari wa somo kama Bongo Kuu lilivyoupanga. Kibwengezo kilikuwemo. Kina picha. Kina historia. Kina uzito. Na kwa kuwa darasa liliitika vizuri, Bongo Kuu lilihesabu kwamba limefundishwa jambo la kweli, likawatumia na wa mwaka wa kwanza.

Theofrida aliacha kucheka.

"Mwajabu, hakuna kitu kinaitwa kibwengezo."

Mwajabu alicheka kwa adabu, kama mtu anayengoja kunong'onezwa utani uko wapi.

"Itoe hiyo punje. Haya. Sasa niambie kwa maneno yako mwenyewe, winchi inafanya nini?"

Binti aliishika punje kiganjani. Nje tingatinga la bustani lilipita, likarudi, naye bado anatafuta la kusema.

"Madam," alisema mwishowe, "nikiitoa, kichwa kinakuwa kama chumba kilichohamwa. Naona alama tu za pale vitu vilipokuwa." Machozi yalimlenga. "Tafadhali usimwambie mtu. Mama yangu anajua nina akili."

"Unazo."

"Hujui, Madam."

Na kweli hakujua. Hilo ndilo lililompeleka moja kwa moja kwa Profesa Lubango bila hata kubisha hodi.

"Profesa, unakikumbuka kile kifaa cha winchi, kibwen...?"

"...gezo," alimalizia Profesa, macho kwenye kazi zake. Kisha mkono wake ukapanda taratibu mpaka sikioni.

"Nimekitunga leo asubuhi nikiwa kwenye ngazi."

Profesa aliitoa punje, akaitazama kama mtu aliyekuta mdudu kwenye wali. "Mimi huwa naivaa kwa ajili ya vikao tu."

"Najua, Profesa."

"Nimefundisha winchi kabla wewe hujaanza chekechea. Nimezifungua hizi winchi kwa mikono yangu!" Kisha sauti yake ikawa ya mtu aliyechoka. "Sasa nifanye nini? Bodi inakuja kusoma ubao. Haiji kukusoma wewe."

"Niachie darasa mpaka siku ya mlima, bila punje. Halafu siku hiyo uje mwenyewe uone. Wakiwa bado, siweki dole."

"Watauona wekundu."

"Wauone."

Profesa alizungusha punje juu ya meza kwa kidole. "Wewe utatuponza," alisema. Lakini hakusema hapana.

Kesho yake palikuwa na bakuli la plastiki mlangoni. Kila aliyeingia aliangusha punje yake humo, wengine wakiiaga kama ndugu anayesafiri.

"Tuanze pale pale," alisema Theofrida. "Winchi ikizunguka inazalisha um...?"

Mtu alikohoa. Nyange, ambaye kukaa kimya kulimuuma kuliko kukosea, akajitosa. "Umande?"

Darasa zima likapasuka kwa kicheko, kile chenyewe, cha kuanguka kwenye viti. Ubao-uelewa ukawa mwekundu kama nyanya. Nusura Theofrida amkumbatie.

"Umande unatoka wapi, Nyange? Hebu tufuate umande wako. Twende nje."

Huko nje aliwapa mwavuli mmoja mkubwa na kamba ya katani. Mmoja akimbie na mwavuli umeukabili upepo, wengine wavute kamba. Mwavuli ukawakokota kwenye vumbi kama mbuzi wa mnadani. Kisha akawaambia waugeuze ubavu, wavute tena. Ukaja mwepesi kama kikapu kitupu.

"Kwa nini?" aliuliza.

Walibishana mpaka kengele ya saa nne, mpaka mwingine akasahau kwamba amevaa shati jeupe. Waliporudi ndani Theofrida aliwapa sheria moja tu. Asiyeelewa apige kelele, "Sijaelewa!" Na akipiga, kila mtu asimame palepale alipo. Wote. Na yeye mwenyewe mwalimu.

Neno hilo lilikuwa zito kulitoa. Tangu shule ya msingi wamefundishwa kwamba mwalimu akiuliza "Tumeelewana?" jibu ni moja, "Ndiyooo!", na linajibiwa kwa kuvuta sauti. Siku za kwanza walilizunguka kama shimo la barabarani.

"Madam, nimeelewa, ila siyo sana."

"Siyo sana maana yake nini?"

"Yaani nimeelewa, lakini kama sijaelewa hivi."

"Sema."

"...Sijaelewa."

"Asante. Sasa mimi nina kazi ya kufanya."

Wenzake wa ofisini walimwona mwehu. Siku moja iliingia habari kwamba chuo chote kinahamishiwa Itigi, vikombe vikatua mezani, watu wakaanza kupiga simu. "Wewe Theofrida huogopi?" aliulizwa. Aliogopa, kwa nini asiogope? Ana mkopo wa nyumba na mdogo wake anasoma. "Tunahama kabla ya kipindi cha saa tatu au baada?" aliuliza. Hakuna aliyejua. Basi akachukua kamba yake akaenda kipindi cha saa tatu.

Bodi ilikuja, watu wenye suti na punje za dhahabu. Walikaa nyuma, wakatazama wekundu wa ubao, wakatazama mabinti na vijana wakimkatiza mwalimu. Mmoja aliuliza kwa upole kwa nini darasa halina nidhamu. Theofrida alisema hili ndilo somo lenyewe. Yule bwana aliitika kwa kichwa, bila shaka kuna kitu alinong'onezwa, kisha wakanywa chai na kuondoka. Mtajulishwa, walisema.

Siku ya mlima upepo ulikuwa umeamka na hasira. Tiara haikuonekana; ilionekana kamba yake tu, nene kama mkono wa mtoto, imesimama kutoka kwenye winchi kuelekea mawinguni. Nywele zilisimama kwa umeme. Profesa Lubango alikuja na sweta, akasimama pembeni mwa jabali, akaanza kushika sikio lake tupu.

Tiara ya kwanza Theofrida aliisimamia mwenyewe. Alishashusha nyingi mno kwenye mlima huu, siku zote upepo ukitoka mashariki, na mwili wake ulijua maneno kabla ya kichwa. Nyange alikuwa kwenye winchi akiiongoza kamba, vidole vyake ndani ya glavu kubwa kumzidi.

"Pua kushoto!" alipaza Theofrida.

Wenye usukani wa tiara wakageuza.

"Tayari kuvu..."

"Sijaelewa!"

Ilikuwa sauti ndogo, lakini ilipenya. Wote waliganda. Nyange aliinua mikono kutoka kwenye kamba, amenuna kama mtu aliyepokonywa tonge.

"Mwajabu, jamani, siyo sasa..." alianza Profesa.

Upepo ukaipiga tiara, na kamba ikakaza hata kabla haijavutwa. Mlio wake ulikuwa kama mlango wa chuma uliobamizwa, majabali yakaurudisha. Glavu moja ya Nyange, iliyokuwa imenasa kwenye kamba alipoondoa mkono, ilimezwa na winchi na kutokea upande wa pili vipande vipande. Walivitazama vikipeperuka kuelekea alizeti.

Theofrida aligeuka.

"Hujaelewa nini, Mwajabu?"

"Umesema kushoto, Madam." Binti alinyoosha kidole kwenye kitambaa kilichofungwa juu ya mlingoti. "Kitambaa kinaelekea kaskazini. Upepo umetoka kusini leo. Kushoto tunaukabili. Nikawa sielewi unataka tufanye nini."

Theofrida alitazama kitambaa. Kilikuwa kinapiga kelele kweupe kabisa, na yeye hakukitazama hata mara moja. Darasa zima lilisikia kushoto. Darasa zima lingevuta.

"Nimekosea," alisema.

Walimwangalia kana kwamba amevua viatu mbele yao. Nyange alivigeuza vidole vyake huku na huku kuvihakiki. "Madam, huu mkono bado nautumia, ujue."

Wakacheka, kile kicheko cha watu waliopauka midomo. Theofrida naye alicheka, na kucheka kukamletea machozi, akayafuta kwa mkono wa shati. Kisha akasogea kando. "Mwajabu, isimamie wewe."

"Mimi?"

"Umeona upepo, mimi sikuuona."

Walisubiri kamba ilegee. Mwajabu alitazama kitambaa, akatazama tena, akasema pua kulia kwa ile sauti yake ndogo ambayo sasa kila mtu aliinyamazia ili aisikie. Kijana mmoja alipiga "Sijaelewa!" wakasimama, akaelezwa, wakaendelea. Mwingine naye akapiga. Ilichukua muda wa kuchosha. Hatimaye tiara ilitokea mawinguni ubavu mbele, pana, ya bluu, ikashuka na kutua kwenye majani bila hata kuumiza panzi.

Profesa alimsogezea Theofrida kishikwambi. Chini ya orodha ya majina palikuwa na swali moja: Wameelewa? Dole lilitakiwa hapo.

"Umeona walivyosimamasimama," alisema Profesa. Hakuwa anapinga. Alikuwa anauliza.

"Aliyekosea ni mimi. Wao walinizuia."

Akaweka dole. Profesa aliendelea kukishika kishikwambi kwa muda, kisha akakifunga.

"Bodi wameleta jibu asubuhi," alisema. "Wanataka kikao kingine. Na wametupa jina jipya. Unataka kulisikia?"

"Baadaye, Profesa."

Maana Mwajabu alikuwa amesimama mbele yake, nywele wima kwa umeme, uso umekunjamana kwa kufikiri.

"Madam, swali. Na kama upepo ungegeuka tena katikati, tiara ikiwa nusu njia, kabla mimi sijaona kitambaa? Tungeijulia wapi? Kwenye kamba? Inabadilisha mlio?"

Theofrida aliitazama kamba. Miaka yote hiyo juu ya mlima huu, hajawahi kuulizwa, na hajawahi kujiuliza. Wanafunzi walikuwa wanasogea mmoja mmoja kuja kusikia jibu, Nyange akiwa na glavu yake moja, Profesa naye akiwa katikati yao ameinamisha kichwa kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Sijui," alisema Theofrida. Aliweka sikio kwenye kamba, akaikuta imelegea haina mlio, akaliondoa. "Hebu ipaisheni tena."